Bwana Bado Hajasema

Nyumbani kwetu Ikuti hakuna jambo lililoamuliwa bila Biblia ya baba. Kabla ya kuuza ng'ombe, Biblia. Kabla ya kupanda viazi kule bondeni, Biblia. Mikungu ya ndizi ikishakomaa na wanunuzi wawili wakaja kwa mpigo, baba aliwaacha wamesimama kwenye matope na mvua inawanyeshea, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake chenye kitambaa cha kufuma, akafumba macho, akaifungua Biblia popote itakapofunguka na kuweka kidole. Kisha alitoka na kutangaza kuwa Bwana amemwelekeza kwa yule mwenye gari jekundu. Mara nyingi alikuwa ni yule ambaye tangu asubuhi sote tulijua kwamba baba anampenda zaidi.

"Bwana na baba yako," mama aliniambia siku moja tukimenya ndizi, "hawajawahi kubishana hata kidogo. Ndoa tamu sana ile."

Mama alikuwa na mdomo, ila alikuwa na imani pia, na hivyo viwili havikugombana. Alisali akiwa anapalilia. Akikosea kitu alimwambia Mungu palepale shambani, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kawaida, halafu akaendelea na jembe. Sikuwahi kumwona akifumba macho ili aamue kama achemshe maharage au viazi.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyesimamia mtaa wetu. Kwa asiyejua maana yake: ukiugua, ukitaka kubatizwa, ukitaka kufunga ndoa, ukianguka dhambini, habari zako hazifiki kwa mchungaji mpaka mzee wa mtaa azibebe. Na kengele ya kanisa letu ilikuwa yake. Haikuwa kengele hasa. Ilikuwa rimu ya lori la kubebea majani ya chai, aliyoiokota ujanani mwake, akaitundika kwenye mti nje ya kanisa na kuigonga kwa nondo. Jumapili iligongwa haraka haraka. Mshirika akifariki iligongwa polepole, na mtu aliyekuwa juu kwenye chai na aliyekuwa chini mtoni wote waliacha kazi wakauliza ni nani. Kugongewa rimu ile ndiyo ilikuwa heshima ya mwisho. Watu walivumilia mengi kanisani ili waje kuipata.

Mimi mwenyewe nilinyang'anywa mchumba kwa kile kidole. Alikuwa mwalimu, mtu wa Tukuyu mjini, mpole, anayependa kuchomekea shati. Baba alifunga, aliomba, akafungua, kidole kikaangukia habari za Ninawi. Akasema basi, Bwana ameonyesha kwamba huyo kijana anatoka katika mji wa uovu. Tukuyu! Mji ambao ukipiga chafya sokoni unaitikiwa stendi, ndio ulikuwa Ninawi. Mama alimkumbusha kwamba watu wa Ninawi walitubu, wakasamehewa. Baba akajibu kwamba hilo liko mlango mwingine wa kitabu.

Nilicheka, kisha nililia, kisha nilizoea. Sikuolewa. Nilibaki kuwa mtoto wa nyumbani, wa kuchuma chai na kukamua ng'ombe, na ndiyo maana niliyaona yote yaliyofuata.

Kaka yake mama alifariki kwao Matwebe. Kule, na hata huku kwetu ukitaka ukweli, dada mkubwa wa marehemu hawezi kufika msibani mikono mitupu. Analeta kimpumu, pombe ya ulezi. Watu wanaokaa msibani wanazunguka chungu, wanamiminia maji ya moto, wananyonya kwa mirija na kumzungumzia marehemu mpaka waishiwe maneno. Asiyeileta ni sawa na kusema ndugu yake alikuwa mbwa.

Kanisa linakataza mshirika kuipika. Hilo kila mtu analijua, na kila mtu anajua namna ya kulizunguka. Mwanamke anachukua ulezi wake, anampelekea jirani asiyesali, jirani anapika, chungu kinapitishwa migombani, na msibani kinaonekana kama kimeota. Wazee wa kanisa wanageukia upande mwingine wakizungumzia bei ya mbolea. Hata baba aligeukia upande mwingine misiba mingi tu.

Mama alikataa kuzunguka. "Kaka yangu hapikiwi na jilani," alisema. Z na r zilimshinda maisha yake yote, kama wenzake wengi wa umri ule. "Mimi ndiye dada. Mungu ananiona jikoni kwangu, na ananiona jikoni kwa jilani. Sasa namficha nani?"

Akauotesha ulezi kwenye majani ya mgomba, jikoni kwetu, nyumbani kwa mzee wa kanisa. Harufu ya kimea ilifika barabarani. Wanawake wa kwaya waliokuwa wakipita walisimama, wakatazamana, wakaongeza mwendo.

Baba alirudi kutoka Tukuyu kwenye semina ya wazee, koti lake limelowa ukungu. Alisimama mlangoni pa jiko. Nilidhani atafoka. Angefoka, pengine yangeishia pale. Alichungulia chungu, akamtazama mama, akaenda kwenye kiti chake na kufungua Biblia.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya harambee na ya ukoo fulani uliopotelewa na mbuzi, mchungaji alisema kwamba dada yetu fulani ametengwa na Meza ya Bwana kwa kosa la kupika pombe. Baba alikuwa amesimama kando yake, mikono mbele, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Ndiye aliyepeleka jina. Mama alikuwa kwenye benchi la mbele la akina mama. Akainuka, akatengeneza kitenge chake, akatembea kanisa zima mpaka benchi la nyuma karibu na mlango, pale wanapokaa waliotengwa, mvua ikiwapiga migongoni. Hakuinamisha kichwa. Mchana huo alimpikia baba mbalaga, ndizi zetu za kupika, kama kawaida, na baba akaombea chakula kwa kirefu, akala.

Nilimuuliza mama kwa nini alimpikia.

"Njaa yake haikunitenga," alisema.

Kurudi kundini si jambo gumu kihivyo. Unatubu mbele ya mzee wa mtaa wako, yeye anakupeleka kwa mchungaji, unasimamishwa mbele Jumapili moja, unaombewa, yamekwisha. Nimeona wezi wa ng'ombe wakirudi. Nimeona wanaume wa wake wawili wakirudi, wakaondoka, wakarudi tena. Shida ya mama ilikuwa moja tu: mzee wa mtaa wake alikuwa ni mume wake, naye alitaka neno fulani. Mama alikuwa tayari kusema nimevunja sheria ya kanisa. Baba alitaka aseme najuta kwenda kwenye ule msiba, alikokwenda na chungu chake kichwani.

"Siwesi kujuta kumsika kaka yangu," mama alisema.

"Basi Bwana hawezi kukupokea."

"Bwana, au wewe?"

Baba akauliza kama ng'ombe wameshakamuliwa. Alikuwa na kipaji cha kutosikia.

Wakaishi hivyo kwa miaka, nyumba moja, sufuria moja, baba mbele kanisani na mama nyuma mlangoni. Mchungaji alikuja nyumbani kunywa chai na kudokeza kwamba jambo lenyewe ni dogo, mzee alete jina tu. Baba akamjibu kwamba kama hawezi kutawala nyumba yake vema, atatawalaje mtaa? Mchungaji alikuwa kijana na alikuwa ugenini. Akamaliza chai yake.

Halafu tumbo la mama likaanza kuvimba. Tulizunguka hospitali, tukapigwa picha za tumbo, tukaambiwa kwa upole mwingi tumrudishe nyumbani apate kupumzika. Alijua maana ya kupumzika. Alilala kwenye chumba cha mbele, dirisha lake likitazama kanisa, na kila mara rimu ilipogongwa polepole kwa ajili ya mtu fulani aligeuza uso kuelekea kule na kusikiliza mpaka iishe. Siku moja aliniambia, bila machozi, kwamba anaogopa kuondoka kimya kimya kama kuku. Alisema hivyo. Mama yangu, aliyepita kanisa zima bila kuinamisha kichwa, aliogopa kimya.

Akamwita baba. Nilikuwa nimemwinua mgongo ili apumue.

"Najuta," alisema.

"Unajuta nini?" aliuliza baba. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Alikwenda kulivaa kwanza, kwa ajili ya shughuli hiyo.

"Kupika pombe."

"Na msiba?"

Mama alinitazama mimi, si yeye. "Najuta kwenda."

Sitasahau. Kile alichokuwa amekishika miaka yote alikiachia mbele yangu, na mwili wake ukawa mwepesi mikononi mwangu, si kwa faraja. Nilimtazama baba nikidhani sasa atalia, au atapiga magoti, au hata ataenda tu kuchukua mwavuli amfuate mchungaji. Ilikuwa mapema, mchungaji alikuwa nyumbani kwake, ni mwendo wa kushuka kilima na kupanda.

"Ngoja nimuulize Bwana," baba alisema, "kama hiyo ni toba, au ni hofu ya kufa."

Akatoka. Nikamlaza mama, nikamfuata, nikasimama nyuma ya pazia la sebuleni.

Alifumba macho. Akafungua. Kutoka pale niliona ni wapi, kwa sababu kila mtu wa nyumba ile alijua ule ukurasa uliolegea: mwana mpotevu, pale baba yake anapomwona akiwa bado mbali. Baba alikuwa amelihubiri somo hilo mara nyingi mno, katika misiba na mikutano ya injili, mpaka kitabu kikavunjika mgongo mahali hapo. Ukikiacha kijifungue chenyewe kinafungukia hapo. Akasoma. Akafunga. Akafumba macho tena, akafungua, ikawa ni palepale. Akafunga. Mara ya tatu hakuiachia ijifungue. Aliishika kwa vidole gumba viwili na kuilazimisha kule mwanzo mwanzo, kwenye sheria na adhabu, akaweka kidole, akashusha pumzi kama mtu aliyepata alichokuwa amekiangusha.

Akarudi chumbani. Nami nikarudi nyuma yake.

"Bwana bado hajasema," alimwambia mama.

Kwa nini sikupiga kelele? Nimejiuliza. Mtoto wa kike wa kwetu hamfokei baba yake mbele ya kitanda cha mgonjwa, hilo ni moja. Lingine ni kwamba nilidhani kesho ipo. Kesho yake wakati wa kukamua nilisikia nyumba imenyamaza namna fulani, nikaiacha ndoo palepale chini ya ng'ombe.

Rimu haikugongwa. Watu walijua hata hivyo, kwetu habari haihitaji chuma, na walikuja wengi, wa Ikuti na wa Matwebe. Akina mama wa kanisa walikuja bila vitambaa vyao vyeupe vya kichwani, kwa sababu anayezikwa alikuwa ametengwa, hivyo hawakuja kama kanisa, walikuja kama majirani. Hakuna mchungaji. Hakuna kwaya. Hakuna msalaba, tuliweka jiwe. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda yeye, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huwezi kuona zizi. Mama mmoja alianza kuimba pambio kwa kufunga mdomo, mmm, mmm, taratibu. Baba akageuza shingo akamtazama. Likakatika.

Nilisikia koleo tu. Sijui kama umewahi kumzika mtu huku kwetu Rungwe ukasikia koleo tu.

Alikuwepo fundi cherehani wa Tukuyu mjini, Mwislamu, mtu ambaye babu yake alitoka pwani. Alimshonea mama magauni tangu mimi ni mdogo na kila mara alipokea nusu ya malipo kwa ndizi. Amesimama na kofia yake, anasubiri wenye dini yao waanze. Hawakuanza. Akawatazama wazee, akanitazama mimi. Mwishowe nadhani alifikiri tumezidiwa na huzuni, akainua viganja, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu amrehemu mama yetu, na awape subira wafiwa..."

"Fundi," baba alisema. Hakusema kwa ukali. "Hapa leo hatuombi."

Fundi akashusha mikono. Alikuwa na aibu, maskini, aibu ambayo haikuwa yake. Udongo ukaendelea kuingia.

Hapo ndipo nilipomchukia baba yangu. Silipambi neno hilo. Nilimpikia, nikamfulia, nikamwitikia, na nilimchukia kwa moyo wangu wote, huku nikienda kanisani kila Jumapili. Watu hudhani mtu akiumizwa hivyo anaacha kusali. Mimi sikuacha. Nilisali zaidi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia Mungu, na nilikuwa naimba vizuri. Wakanipa kusimamia akina mama, baadaye watoto wa kipaimara. Baba alipochoka miguu wakanichagua niwe mzee wa kanisa wa mtaa, mahali pake. Alijivuna. Aliwaambia watu kwamba Bwana ndiye aliyenichagua.

Kisha akaleta mwanamke. Mjane wa Lupepo, mcheshi, mwenye mikono mizuri ya kupika. Sikuwa na shida naye, alinipunguzia kazi. Ila hawakufunga ndoa. Baba alifungua Biblia yake, Bwana akamwambia kwamba si vema mtu huyo awe peke yake, na hakumwambia kitu kuhusu cheti. Mtaa mzima ukajua wanalala wapi. Nikafanya kazi ya mzee wa mtaa. Nilipeleka jina. Jumapili moja baada ya matangazo mchungaji aliisoma habari ile, nami nilikuwa nimesimama kando yake. Baba alikaa akisubiri mtu amwambie kuwa ni mzaha. Halafu akainuka na fimbo yake, akatembea mpaka benchi la nyuma. Ilimchukua muda mrefu.

Mjane aliondoka, hakutaka kuishi na kesi. Baba alitubu haraka kweli, siku ileile. Machozi, magoti, kila kitu. Mwaka haujaisha, maji yakaanza kumjaa miguuni na pumzi ikawa fupi. Macho nayo yamefunikwa na ukungu, hasomi tena. Sasa analala chumba cha mbele, kwenye kitanda kile, chini ya dirisha lile. Mchungaji, ambaye si kijana tena, ameniuliza mara kadhaa baada ya ibada: "Jina la mzee wetu liko wapi? Lete tu, mama, Jumapili hiihii tunamrudisha." Namwambia naliombea. Na ni kweli naliombea. Kila asubuhi, baada ya kukamua, naleta Biblia yake, nakaa kando ya kitanda kwenye kiti chake mwenyewe chenye kitambaa cha kufuma, nafumba macho na kufungua.

Jana rimu iligongwa. Siku hizi wanaigonga vijana, hawajui mwendo wake, wanaharakisha. Baba aligeuza uso dirishani.

"Nani?" aliuliza.

"Bibi wa kule juu kwenye chai."

Akasikiliza mpaka ilipoisha. "Wanaipiga vibaya," alisema. "Yangu uwaambie wapige polepole."

Nikamfunika miguu kwa blanketi.

Leo asubuhi nimeileta Biblia kama kawaida. Nimefumba macho, nimeiachia, ikafunguka. Kabla sijashusha kidole baba amesema kutoka kwenye mto, na pumzi yake inakatika katikati ya maneno:

"Mwana mpotevu."

Kidole changu kikabaki hewani.

"Nasikia ikifunguka. Mgongo umevunjika hapo. Huwa inafungukia hapo." Akakohoa, nikamfuta mdomo. "Hata siku ile ya mama yako ilifungukia hapo. Mara mbili."

"Najua, baba. Nilikuwa nyuma ya pazia."

Alinigeuzia macho yake meupe. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni kwangu, haoni hata hivyo. Nje ng'ombe alikuwa akimwita ndama. Barabara ya kwenda kwa mchungaji ilikuwa kavu, jambo la nadra huku kwetu.

"Basi, mwanangu," akasema taratibu. "Anasemaje?"

Niliusoma ukurasa wote, kimya kimya, mpaka pale yule mzee anapokimbia na kumwangukia mwanawe shingoni. Nikaifunga Biblia.

"Bwana bado hajasema, baba," nikamwambia, na nikaenda kumkorogea uji.